Uso wa Mjomba Kairolla

Ilianza na maji. Jioni hiyo Zhandos aliingia kwenye basi la mekapu, akatumbukiza kitambaa ndani ya beseni ili aanze kuwafuta mazombi rangi, akautoa mkono mbio. Maji yalikuwa ya moto.

"Sholpan, ahsante bwana, umenichemshia," alisema.

"Nimekuchemshia nini?" Msaidizi wake alikuwa mlangoni anavuta sigara, viganja vyekundu kwa damu ya bandia. "Nimeshinda kwenye upepo nawapaka watu usaha, halafu nije nikuchemshie maji? Kwani wewe mume wangu?"

"Basi nani kachemsha?"

"Jenereta imekuonea huruma."

Walicheka wote wawili, lakini Zhandos alicheka kidogo tu, kwa sababu maji yale yalikuwa na harufu. Harufu ya sabuni ya kufulia, ile ya kahawia ya kipande, na chini yake harufu ya marhamu. Aliijua harufu hiyo, na aliijua kutoka mahali pamoja tu. Akayamwaga nje, akateka mengine ya baridi, akafanya kazi yake.

Hebu niwaambie habari ya filamu yenyewe, maana hapa kwetu Kyzylorda kila mtu ana toleo lake na wengi wanaongeza chumvi. Filamu ilitoka kwenye riwaya ya Kairolla, mwandishi wetu, mjomba wake Zhandos kwa upande wa mama. Riwaya inaitwa *Walioamka Bila Kuitwa*. Dunia imeharibika, bahari imekauka, ugonjwa umepanda na vumbi la chumvi, miji imekufa, na waliokufa wanainuka na kurudi makwao. Humo mwalimu mmoja anarudi mlangoni kwa mkewe akiwa amejifunika taulo usoni. Mke anamfungulia, anamtilia chai, wanaishi hivyo mpaka ukurasa wa mwisho na lile taulo halivuliwi. Mimi niliposoma nililia, sioni haya kusema.

Kairolla mwenyewe alikuwa mwanamume mzuri. Sisemi uzuri wa kawaida, nasema ule wa kumfanya muuza duka asahau ulichoomba. Na alijijua! Akifika harusini anakaa upande wenye taa. Kisha saratani ikamshika taya, ikamla upande mmoja wa uso, na tangu hapo akajifunika taulo jeupe lenye ukingo wa buluu, mezani, kitandani, hata mbele ya mkewe Bibigul aliyempenda tangu wakiwa chuo. Kila Bibigul alipomsihi amwone, jibu lilikuwa lile lile.

"Baki na yule wa zamani, mke wangu."

Maskini mama wa watu alimuuguza mume asiye na uso mpaka akamzika.

Kwetu maiti huoshwa na ndugu, na mtoto wa dada ana nafasi yake pale. Mjomba alimwita Zhandos kabla hajakata kauli. "Mpwa," alisema chini ya taulo, "wewe ndiye utakayenivua hiki. Utakachokiona kioshe pamoja na mimi. Bibigul asijue. Mtu yeyote asijue."

"Nakuahidi, mjomba."

Hata asingeahidi, mwosha maiti hasimulii alichokiona kwa maiti. Hilo mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Zhandos alimwosha mjomba wake kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, akamtoa marhamu ya kidonda, akamfunga kidevu, akamfunika sanda. Alipotoka, Bibigul alikuwa amesimama mlangoni.

"Yukoje?"

"Kalala tu, mama."

Sasa njoo kwenye filamu. Mwongozaji Rinat hakutaka taulo. "Filamu nzima taulo?" alifoka. "Mtu katoka kwake kuja kuona zombi, mimi nimwonyeshe nguo ya bafuni? Nataka uso! Uso ambao mtu akiuona hali chakula siku hiyo."

Zhandos akatengeneza uso wa mpira, Rinat akacheka, akasema hicho ni kiazi kilichochemshwa. Akatengeneza mwingine, wapiga picha nao wakacheka. Ilikuwa filamu yake kubwa ya kwanza, baada ya miaka ya kupamba mabibi harusi, na Rinat alishatangaza kwamba wiki ikiisha anamleta fundi kutoka Almaty. Ndipo Zhandos alipojifungia na udongo wake. Hakuwaza, au tuseme aliwaza akajifanya hawazi. Mikono ilitoa shavu lililotoboka mpaka magego yakaonekana, ikatoa jicho lililovutwa chini, mdomo uliopanda upande. Hata kovu dogo la kwenye nyusi, ambalo Kairolla alilipata kwa kuanguka na farasi utotoni, mikono ililiweka.

Rinat alipouona hakucheka. Alikaa chini.

"Umeutoa wapi huu?"

"Kichwani," Zhandos akajibu, akapigiwa makofi na kundi zima. Alitabasamu, akaanza kukusanya udongo wake.

Walikuwa wakipiga picha Karaoi, kijiji kilichohamwa tangu bahari ilipotukimbia. Mwenye kuuvaa uso ule alikuwa Orazbek, mwigizaji wa jukwaani, mnene, mtani, asiyeweza kunyamaza hata akiwa na maandazi mdomoni. Naye baada ya siku chache alianza kulalamika.

"Ndugu yangu, huu uso wako unanuka dobi," alisema akijikuna shingo. "Halafu nikiuvaa nasikia mtu anapumua humo ndani. Mimi bado sijapumua, yeye kashapumua."

"Ni pumzi yako inarudi."

"Pumzi yangu ina vitunguu, bwana. Hiyo haina."

Na kila jioni maji ya beseni yalikuwa ya moto. Zhandos aliacha kumuuliza Sholpan. Aliyamwaga, akateka mengine. Usingizi ukaanza kumpaa, na kila alipofumba macho alimwona Bibigul pale mlangoni akiuliza, yukoje.

Siku ambayo mambo yaliharibika, walimaliza kazi jua likizama, upepo umebeba chumvi, jenereta imezimwa, na ndani ya basi kulikuwa na ule mwanga mwekundu wa kupitia madirisha machafu. Zhandos alikuwa ameinama anapanga brashi. Akasikia miguu ikipanda ngazi, kiti cha mbele ya kioo kikalia, akajua Orazbek kafika.

"Leo umechelewa, mheshimiwa," alisema bila kugeuka. "Umenogewa na ufu?"

Hakujibiwa. Akachukua kitambaa, akasimama nyuma ya kiti, akaanza kutafuta ukingo wa mpira chini ya kidevu, pale anapoanzia kila siku kuubandua, na vidole vikapita kidevuni, vikapita chini ya sikio, vikarudi, vikapita tena taratibu, na ukingo haukuwepo, palikuwa na ngozi tu, ngozi yenye baridi na unyevu, akajiambia gundi leo imeshika sana, akalowesha kitambaa akasugua, akasugua tena kwa nguvu, na harufu ya sabuni na marhamu ikapanda mpaka ikamjaa kooni, na ndipo, akiwa bado anasugua, aliposikia nje ya basi, kule kwenye sufuria la pilau, Orazbek akicheka kicheko chake kile kikubwa na Sholpan akimwambia atoe mkono kwenye nyama ya watu.

Kitambaa kilisimama. Zhandos hakutaka kuinua macho kwenye kioo, na macho yakainuka yenyewe.

Ule uso ulikuwa ukimtazama. Ule mdomo uliopanda upande ukafunguka, na sauti ikatoka polepole.

"Mpwa. Maji yamepoa. Ongeza ya moto."

Zhandos alitoka kwa kupitia dirishani. Msiniulize alipitaje, dirisha lile hata paka angefikiria mara mbili. Walimkuta nyuma ya ukuta wa shule iliyobomoka, amekumbatia magoti, analia na kurudia neno moja: nisamehe, nisamehe. Orazbek akamvika koti lake. Uso wa mpira, ambao Sholpan alikuwa ameshambandulia Orazbek mapema jioni hiyo, ulikuwa ndani ya sanduku lake, umefungwa kwa kufuli.

Kesho yake alikwenda kwa Kulyash. Mama huyu anaishi nyuma ya stesheni ya treni, zamani alikuwa karani wa posta, na watu wanamwendea kwa mambo yasiyosemwa hospitalini. Alimsikiliza akipepeta ngano, hakumkatiza. Kisha akafunga mlango na kushusha sauti.

"Kwanza usimsingizie mjomba wako. Yeye yuko kwa Mola wake, kapumzika. Huyo ni jini. Wako wengi wasio na sura, wanazurura makaburini, wanalamba maji ya maiti. Huyo umempa sura, mwanangu. Unadhani ataiacha kwa kubembelezwa?"

"Nifanyeje, mama?" Zhandos alinong'ona.

"Uchome huo mpira. Mwongozaji wako azikate picha zote zenye uso huo. Halafu nenda kwa mjane, umwambie kwa kinywa chako ulichokiona na ulichokifanya. Uso ule ulikuwa amana, na wa kukusamehe ni yeye. Ukimaliza hayo, maji yatapoa."

"Lazima nimwambie kila kitu?"

"Kwani ulitengeneza nusu uso?"

Mpira aliuchoma siku hiyo hiyo, ukatoa moshi mweusi wenye harufu ya sabuni. Alidhani Rinat atampiga, lakini Rinat mwenyewe alimpigia simu usiku, sauti imemkauka, akasema tunarudi kwenye taulo, tunapiga upya, mwandishi alijua alichokuwa akifanya. Alikiona nini kwenye skrini yake ya kuhariri hasemi mpaka leo. Ukimuuliza anaagiza chai.

Likabaki la tatu. Zhandos alikwenda kwa Bibigul. Mama alimpokea kwa furaha, akamtilia chai ya maziwa, akamsogezea baursak za moto, yale maandazi yetu ya duara, akamuuliza habari za filamu. Picha ya Kairolla ilikuwa ukutani, kijana, nywele nyeusi, anajua kabisa kwamba anapigwa picha. Zhandos akafungua mdomo.

"Mama, kuna jambo..."

"Na mimi nina jambo," Bibigul alisema, akamshika mkono. "Wewe ulimwona. Mimi nimebaki kukisia. Nakaa hapa nakisia, napika nakisia, kila siku namtengenezea uso mwingine mbaya kuliko wa jana. Niambie neno moja tu, mwanangu, nipumzike. Alikuwaje?"

Hapa ndipo pa kusema. Jamani, mtu alifunguliwa mlango mpana namna hiyo! Angesema tu. Lakini alimtazama mama yule, akaona haya, akajiambia namwonea huruma, na kumbe alikuwa anajionea huruma mwenyewe.

"Alikuwa yule wa zamani, mama. Mzuri vile vile."

Bibigul aliuachia mkono wake. Alitabasamu kwa adabu, na Zhandos akaona hakuaminiwa.

"Nisamehe, mama," alisema haraka.

"Nikusamehe nini?"

"Basi tu. Yote."

"Nimekusamehe, mwanangu. Kula, zinapoa."

Akarudi kwa Kulyash, akamwambia amesamehewa.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Kulyash alichukua chetezo. Akamfukiza kwa majani ya nyikani, akamsomea, akamruhusu aende. Na maji yakapoa kweli. Wiki zikapita, majira ya baridi yakaingia, harufu ikatoweka, usingizi ukarudi. Zhandos akaanza kuamini kwamba kaudanganya moyo na moyo umekubali.

Kisha Akmaral, binti pekee wa Kairolla, akaposwa. Alimpigia simu yeye mwenyewe.

"Kaka, wewe ndiye utakayenipamba. Usianze visingizio."

"Akmaral, siku hizi sipambi sana..."

"Weee! Mazombi uwapambe, dada yako akose? Baba angetaka iwe mikono yako."

Akakubali.

Siku ya harusi alimpamba kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi. Akmaral alikuwa na macho ya baba yake, na hakuhitaji mengi, rangi kidogo ya midomo, wanja kidogo. Alipomaliza, msichana alijitazama kwenye kioo akapiga kelele ya furaha na kumbusu shavuni. Zhandos naye akafurahi, kwa mara ya kwanza tangu Karaoi. Akageuka kuosha brashi zake kwenye bakuli.

Maji yalikuwa ya moto.

Alisimama pale, brashi mkononi, na ile harufu ikamjia, sabuni na marhamu. Ukumbini mwimbaji alikuwa tayari anakaza nyuzi za dombra yake. Wakwe wameshakaa, kichwa cha farasi kimeshaandaliwa mezani, Bibigul amevaa gauni lake la buluu. Zhandos alitakiwa kupiga ukelele, kuzuia kila kitu. Akawaza atasema nini, mbele ya wakwe, mbele ya mama. Akajiambia ni bomba la ukumbi tu, lina maji ya moto. Akamshushia dada yake shela kwa mkono wake mwenyewe.

Mnajua sherehe yetu ya kufungua uso. Bibi harusi anasimama kafunikwa, mwimbaji anawataja wazee wa upande wa mume kwa utani, huyu mchoyo wa nyama, yule mkali wa kukoroma, na kwa kila mmoja bibi harusi anainama, watu wanacheka. Akmaral aliinama kila alipotakiwa kuinama. Zhandos alisimama ukutani akihesabu pumzi zake. Mwimbaji akafika ubeti wa mwisho, akaingiza ncha ya dombra chini ya shela, akaliinua, na wimbo ukamkatikia mdomoni, na watu wa meza za mbele wakaanza kusimama mmoja mmoja na viti vinaanguka, na mwanamke mmoja wa wakweni akapiga yowe akaziba macho ya mjukuu wake, na bwana harusi akarudi nyuma mpaka akagonga meza ya keki, kwa sababu chini ya lile shela jeupe, juu ya shingo yenye lulu za bibi yake, palikuwa na shavu lililotoboka, na magego, na jicho lililovutwa chini, na mdomo uliopanda upande, na kovu dogo kwenye nyusi.

"Mbona mnanitazama hivyo?" ikauliza sauti ya Akmaral, sauti yake mwenyewe. "Mama? Nina nini?"

Bibigul peke yake ndiye hakupiga kelele. Aliinuka, akatembea katikati ya viti vilivyoanguka, akasimama mbele ya uso ule. Akainua kidole, akaligusa lile kovu la nyusi.

"Ndiyo hivi," alisema polepole. "Kumbe ndiyo hivi tu."

"Mama, huyo siye!" Zhandos alikuwa ameshapiga magoti. "Ni jini, mama, siye mjomba! Mimi ndiye niliyempa sura. Nilimvua taulo, nikaona, nikaenda kutengeneza filamu kwa nilichokiona. Watu wote wa filamu kule Karaoi wamemwona. Nikakudanganya, nikaomba radhi ya uongo. Nisamehe, mama!"

"Najua siye." Hakugeuka. "Lakini uso ni wake. Umewaonyesha wapiga picha, umewaonyesha wapishi wa filamu. Mimi nilikuuliza mara mbili, Zhandos. Mara mbili, na ya pili mkono wako nimeushika."

Akmaral alikuwa akilia kwa kwikwi. Bibigul aliushika uso ule kwa viganja viwili, akautazama wote, upande mzima na upande ulioliwa, hakuruka mahali. Kisha akaubusu kwenye paji.

"Ningekupenda hivi hivi, mjinga wewe," alisema. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akaufunika. "Haya, Zhandos. Mwoshe dada yako."

Aliletewa bakuli lile lile. Alimwosha Akmaral chini ya kile kitambaa, bila kutazama, akisema kwa sauti mbele ya wakwe na majirani kila alichokuwa amekificha. Aliposikia chini ya vidole shavu zima, laini, lenye joto, aliacha. Bibigul akavuta kitambaa. Alikuwa Akmaral, macho yamevimba kwa kulia, hana hata chembe ya wanja, na bwana harusi, tumsifu kijana wa watu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfuata na kumkumbatia. Baadaye hata mwimbaji alipata sauti yake.

"Umenisamehe, mama?" Zhandos aliuliza.

Bibigul alikuwa akimfuta binti yake shingo. "Maji hayo yakipoa," alijibu, "njoo uniulize tena."

Akalibeba bakuli nje. Theluji ilikuwa ikianguka, na baridi ya usiku ule ilipasua chupa za soda zilizoachwa nje. Alikaa kwenye ngazi, bakuli mapajani, akangoja. Wageni walitoka mmoja mmoja wakampita bila kumuaga, wakakwangua barafu kwenye vioo vya magari yao, wakaenda. Taa za ukumbi zikazimwa. Theluji iliangukia begani kwake ikakaa, iliangukia kwenye ngazi ikakaa, na iliyoangukia kwenye bakuli iliyeyuka pale pale, na mvuke ukaendelea kupanda usoni mwake, una harufu ya sabuni.